Mkoa Uliokataa Kumezwa

Ukisoma historia ya karne ya 19 ya pande zetu hizi, Emin Pasha hakwepeki. Ndiye yule gavana wa jimbo la Ikweta, kule ambako leo ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ambaye Stanley aliandikisha mamia ya Wazanzibari mwaka 1887 ili kwenda "kumwokoa". Walipofika Bagamoyo Desemba 1889, Wajerumani wakawaandalia karamu, na usiku huohuo pasha akaanguka kutoka ghorofani, karibu afe. Akapona. Mwaka uliofuata akaanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba, na mwaka 1892 akauawa mashariki mwa Kongo.

Mimi lakini kilichonishika ni mstari wa kwanza wa maisha yake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, mtoto wa familia ya Kiyahudi iliyozungumza Kijerumani, na alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln. Nikafungua ramani ya Ujerumani kutafuta Oppeln. Haipo. Nikatafuta Neisse, alikolelewa. Nayo haipo. Kumbe miji yote miwili iko Poland, na majina yake sasa ni Opole na Nysa. Jamaa alizunguka nusu ya Afrika, na huku nyuma mji wake wa kuzaliwa ukaja kuhama nchi bila kusogea hata hatua moja.

Nilianza kusoma habari za Opole kwa sababu ya pasha, nikajikuta nimemsahau pasha mwenyewe. Huu mkoa una kisa ambacho sisi Wakenya tunafaa kukisikia. Si unajua kila msimu wa siasa hukosi mtu wa kusema kaunti 47 ni nyingi mno, zinakula pesa, ziunganishwe tubaki na chache? Basi Poland walifanya jambo hilo hasa. Tarehe 1 Januari 1999 waliamka na mikoa 16, na jana yake walikuwa nayo 49. Katika hesabu ya kwanza ya serikali, Opole haikuwa kwenye orodha ya mikoa itakayobaki.

Leo ipo. Nilitaka kujua iliponea wapi.

*

Tuanze na ardhi yenyewe. Mkoa wa Opole uko kusini magharibi mwa Poland, katika eneo la kihistoria linaloitwa Silesia, na kusini unapakana na Jamhuri ya Czech. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 9,412, mdogo kuliko mikoa yote 16. Kwa kipimo cha kwetu, hautofautiani sana na Laikipia.

Katikati unapita mto Odra, ukitokea kusini mashariki kuelekea Wrocław na mwisho bahari ya Baltic. Kandokando ya mto ni tambarare. Kusini, karibu na mpaka, ardhi inapanda hadi mlima Biskupia Kopa, takriban mita 890, ambao kwa mtu aliyezoea Kirinyaga ni kilima tu. Upande wa Głubczyce kuna udongo mwepesi wenye rutuba ulioletwa na upepo zamani za kale, na ndiyo sababu wakulima wa Opole kwa kawaida huvuna nafaka nyingi kwa ekari kuliko wenzao popote nchini. Ngano, viazisukari, mbegu za mafuta. Kaskazini na mashariki udongo ni hafifu na misitu ni mingi.

Chini ya ardhi kuna mawe ya chokaa. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Kwa upande wa majirani, magharibi kuna Wrocław, jiji kubwa lenye vyuo na viwanda. Mashariki kuna Katowice na migodi ya makaa ya mawe iliyoendesha uchumi wa Poland kwa vizazi. Opole imebanwa katikati, kama duka la mtaa lililo katikati ya supamaketi mbili. Mtu anayepanga nchi kwa rula na kikokotoo akitazama ramani hiyo lazima ajiulize duka hili lina kazi gani.

*

Jibu liko kwenye historia, na historia ya hapa ni ya kubadilishwa wenyewe kila mara. Opole ilikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Piast, ukoo uleule uliotoa wafalme wa kwanza wa Poland. Mtawala wao wa mwisho hapo alifariki mwaka 1532 bila mrithi, na eneo likaangukia nasaba ya Habsburg ya Austria. Katika miaka ya 1740 mfalme wa Prussia, Frederick wa Pili, akainyakua sehemu kubwa ya Silesia kwa vita. Pigano lake kubwa la kwanza, la Aprili 1741, lilitokea karibu na Brzeg, ndani ya mkoa huu wa leo.

Prussia wakaufanya mji wa Opole makao ya utawala wa eneo mwaka 1816. Kwa hiyo Eduard Schnitzer alipozaliwa, mji wake tayari ulikuwa mji wa makarani, mihuri na mafaili. Vijijini watu wengi waliongea lugha ya Kisilesia, iliyo karibu na Kipolandi. Mjini na ofisini, Kijerumani. Ukimuuliza mkulima wa huko yeye ni Mjerumani au Mpolandi, huenda angekujibu kwamba yeye ni mtu wa hapa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia jibu hilo halikutosha tena. Machi 1921 watu wa Silesia ya Juu waliitwa kupiga kura kuchagua nchi. Takriban asilimia 60 wakachagua Ujerumani, 40 Poland. Mwezi Mei wale waliotaka Poland wakashika silaha, na mapigano makali zaidi yakawa kwenye Góra Świętej Anny, kilima chenye kanisa la hija ambako watu wa lugha zote walikuwa wakienda kusali pamoja. Mwaka uliofuata eneo likakatwa vipande viwili. Katowice na migodi mingi ikaenda Poland. Opole ikabaki Ujerumani.

Kisha Hitler, na Vita vya Pili. Kijiji cha Łambinowice, wakati huo Lamsdorf, kikawa na kambi kubwa ya wafungwa wa vita, ambako wanajeshi wa Kisovieti walikufa kwa maelfu. Karibu na Koźle, wafungwa wa Kiyahudi wa tawi la Auschwitz walifanyishwa kazi ya kujenga kiwanda cha kugeuza makaa kuwa mafuta, na ndege za Marekani zikaja kukipiga mabomu mwaka 1944. Januari 1945 jeshi la Kisovieti likaingia Opole.

Mataifa yaliyoshinda yakasogeza Poland yote upande wa magharibi. Mashariki ikapoteza ardhi iliyochukuliwa na Wasovieti, magharibi ikapewa ardhi ya Ujerumani, Opole ikiwemo. Wajerumani wengi wakakimbia au wakafukuzwa. Pale pale Łambinowice, Wapolandi nao wakafungua kambi ya kuwafungia raia wa Kijerumani, na wengi wakafia humo. Treni zikaleta Wapolandi waliong'olewa kutoka pande za Lwów, ambako leo ni Ukraine, wakapewa nyumba ambazo vyombo vya wenyewe bado vilikuwa kabatini.

Ila Opole ilitofautiana na maeneo mengine. Hapa maelfu ya wenyeji walibaki. Walipelekwa mbele ya kamati, wakathibitishwa kuwa Wapolandi kwa lugha au kwa ukoo, wakaachwa kwenye mashamba yao kwa sharti la kusahau Kijerumani hadharani. Kwa hiyo kijiji kimoja kingeweza kuwa na bibi aliyezaliwa hapohapo anayesali kwa Kijerumani akiwa amefunga madirisha, na jirani yake aliyeteremka kwenye treni jana akiwa na ng'ombe mmoja. Wote wawili walikuwa wamepoteza kitu na wote wawili hawakuaminiana. Mwaka 1950 serikali ya kikomunisti ikachora mkoa mpya kuzunguka watu hao na kuuita Opole.

*

Ndiyo maana naona yaliyotokea 1998 ni ya kushangaza.

Mwaka 1975 wakomunisti waliigawa Poland upya, kutoka mikoa 17 hadi 49. Sababu iliyotajwa ilikuwa kusogeza huduma karibu na wananchi. Sababu ambayo watu waliiona ilikuwa kwamba mikoa midogo haiwezi kubishana na Warszawa. Ukomunisti ulipoanguka, serikali mpya ikataka mikoa michache yenye nguvu, inayoweza kusimama mbele ya Umoja wa Ulaya kama mikoa ya Ujerumani au Ufaransa. Pendekezo la waziri mkuu Jerzy Buzek lilikuwa mikoa 12. Opole ilikuwa imezwe na majirani.

Watu wakakataa. Wakaunda kamati ya kutetea mkoa, wakakusanya sahihi, wakasimama wameshikana mikono kando ya barabara kuu, mnyororo wa watu uliovuka mkoa. Kilichonigusa ni nani walioshikana mikono hiyo. Wajerumani wa Opole, ambao tangu 1989 walikuwa wameruhusiwa kujitangaza na kuunda vyama, walisimama na wajukuu wa wale walioteremka kwenye treni kutoka mashariki. Kila upande ulikuwa na hesabu zake. Wajerumani walijua kwamba ndani ya mkoa mkubwa wa Katowice wangekuwa tone baharini, na hapa walikuwa takriban mtu mmoja kati ya kumi. Wapolandi wa mjini walijua kwamba makao ya mkoa yakiondoka, ofisi zinaondoka, na ofisi zikiondoka kinachobaki ni vumbi. Huo haukuwa upendo wa kwenye filamu. Yalikuwa maslahi. Lakini watu ambao babu zao walipigana kilimani mwaka 1921 walikuwa wamefikia mahali pa kuwa na maslahi mamoja, na hilo si dogo.

Bungeni mikoa 12 ikawa 15, Opole ikiwa imerudishwa. Rais Aleksander Kwaśniewski akakataa kutia saini, akitaka mingine iongezwe, na Julai 1998 wakakubaliana juu ya 16. Hata mji wa Olesno, ambao mgawo wa 1975 uliupeleka mkoa mwingine, ukarudi Opole.

*

Mfumo uliozaliwa hapo Mkenya hahitaji kuelezwa mara mbili. Mkoa una wakubwa wawili. Kuna *wojewoda*, anayeteuliwa na waziri mkuu kuwa jicho la serikali kuu. Kuna *marszałek*, anayechaguliwa na bunge la mkoa ambalo limechaguliwa na wananchi. Kwa lugha yetu ni kamishna wa kaunti na gavana, na ndiyo, huvutana. Bunge la Opole lina wajumbe 30. Chini ya mkoa kuna wilaya 11 na jiji la Opole lenyewe, na chini yake kabisa mitaa 71 inayoitwa *gmina*, yenye halmashauri zake, shule zake na kodi zake.

Tofauti kubwa na kwetu ni kwamba uhai wa kila siku uko huko chini, kwenye *gmina*. Kodi ya majengo na mitambo inalipwa huko. Kijiji chenye kiwanda ni kijiji tajiri. Na hapa ndipo uchumi wa Opole unapoingia.

Yale mawe ya chokaa niliyokuambia uyaweke akilini ndiyo yaliyojenga mji. Kiwanda cha kwanza cha saruji Opole kilianza mwaka 1857, na mashimo ya machimbo ya zamani leo ni mabwawa ndani ya mji. Kiwanda cha Górażdże, kusini mwa jiji, ndicho kikubwa zaidi cha saruji nchini Poland. Kędzierzyn-Koźle ina viwanda vya mbolea na kemikali, na bandari ya mto ambayo zamani ilipitisha makaa kutoka migodini. Nysa ilitengeneza gari dogo la kubeba abiria na mizigo lililoitwa Nysa, ambalo kuanzia 1958 hadi 1994 lilikuwa ambulensi, gari la polisi na gari la mkate wa Poland nzima. Na pale Krapkowice, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Bata walijenga kiwanda. Ndiyo, Bata ileile ya Limuru, ya viatu vyeusi vya shule. Wakomunisti wakakitaifisha, kikaendelea kushona viatu kwa jina la Otmęt, kisha soko huria likakimaliza.

Viwanda vilipodorora, watu wa Opole walikuwa na njia ambayo Wapolandi wengine hawakuwa nayo. Sheria ya Ujerumani iliwatambua wazawa wa raia wake wa zamani, hivyo makumi ya maelfu wakapata pasipoti ya pili. Kabla Poland haijaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wao tayari walikuwa wanafanya kazi kihalali Ujerumani na Uholanzi, kwenye mijengo na nyumba za kioo za maua. Kutoka kwetu tunapeleka maua Uholanzi, kutoka Opole walipeleka mikono ya kuyafunga. Ijumaa usiku mabasi madogo yalirudisha akina baba, Jumapili yakawachukua. Vijiji vikapata mapaa mapya na uzio safi, na ndani ya nyumba wakabaki nyanya na wajukuu.

*

Sasa kile ambacho kinanifanya nisimalizie kisa hiki kwa makofi.

Kaskazini mwa jiji la Opole kuna kituo kikubwa cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, mojawapo ya vikubwa zaidi nchini. Kilikuwa katika *gmina* ya Dobrzeń Wielki, na kodi yake ndiyo iliyolipia shule, mabasi na vituo vya utamaduni vya vijiji hivyo, ambavyo wakazi wake wengi ni wa asili ya Kijerumani na Kisilesia. Jiji likataka kupanuka. Hoja zake ndizo zilezile za 1998, ila safari hii zikiwa upande wa pili: jiji dogo halivutii wawekezaji, lazima tuwe wakubwa ili tusimame mbele ya Wrocław na Katowice.

Vijiji vikaulizwa maoni, vikasema hapana, tena kwa wingi mkubwa. Serikali ya Warszawa ikatia saini hata hivyo. Kuanzia 1 Januari 2017 jiji la Opole lilichukua ardhi kutoka *gmina* nne, kituo cha umeme kikiwemo, na ukubwa wake ukapanda kutoka kilomita za mraba 97 hivi hadi 149. Baadhi ya wakazi wa Dobrzeń Wielki waligoma kula katika siku za mwisho za mwaka 2016. Haikusaidia.

Nimejaribu kuwatetea watu wa jiji kichwani mwangu na ninaelewa walichokihofia. Lakini nikikumbuka ule mnyororo wa 1998, siwezi kuacha kuuliza: miaka 18 tu, na mliokataa kumezwa mmeanza kumeza? Sisi pia tumeliona hili. Tulililia Nairobi miaka mingi kwamba inatusahau, tukapata kaunti, na leo kuna wadi zinazolilia makao ya kaunti kwa maneno yaleyale.

Na kuna adui mwingine asiyesikia maandamano. Sensa ya 2002 ilihesabu takriban watu 1,065,000 mkoani. Ile ya 2021 ilikuta takriban 954,000. Hakuna mkoa Poland wenye watu wachache zaidi. Pasipoti zilizookoa familia ndizo zilizomwaga mkoa: baba aliyekuwa akirudi Jumapili, siku moja aliwachukua mama na watoto wakahamia huko. Viongozi wa mkoa walianzisha mpango mzima wa kuzuia watu kuisha, wenye chekechea, misaada kwa familia na ajira. Mwaka 2023 Wajerumani wa Opole walipoteza kiti chao cha mwisho katika bunge la taifa, bunge ambalo walikuwa wamekaa tangu 1991. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imepunguza masomo ya Kijerumani kwa watoto wao kutoka saa tatu kwa wiki hadi moja. Baadaye saa hizo zilirudishwa, lakini watoto wenyewe wanapungua.

Mtu wa rula na kikokotoo akirudi leo, hesabu zake zitakuwa na nguvu kuliko mwaka 1998.

*

Odra na vijito vyake havijawahi kujali mipaka ya mtu. Julai 1997, mwaka mmoja kabla ya mnyororo, mafuriko yalifunika sehemu ya jiji la Opole na kuzamisha bustani yake ya wanyama kwenye kisiwa cha mto. Naamini watu walioshikana mikono barabarani 1998 walikuwa wamezoeana kwa sababu mwaka uliotangulia walikuwa wakipigana na maji pamoja.

Septemba 2024 maji yalirudi. Mji wa Głuchołazy, chini ya milima ya mpakani, ulifunikwa na daraja likasombwa. Yakateremka hadi Nysa, ule mji ambao Emin Pasha aliuita nyumbani alipokuwa mtoto. Tuta la mto likaanza kulainika. Meya akaagiza mji uhamwe, na wengi wakahama. Lakini usiku ule mamia kwa mamia ya wakazi walikwenda upande wa maji badala ya kuyakimbia. Wakajipanga mstari mrefu gizani, wakapitishiana magunia ya mchanga mkono kwa mkono mpaka tuta.

Tuta likashika.